Paundi Sitini

Niligundua jioni moja jikoni. Binti yangu, ambaye hajawahi kutumia mkono wa kushoto tangu azaliwe, alikuwa anasonga ugali kwa mkono huo, mwiko ukimponyoka, na wa kulia ameukunja tumboni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Ana miaka kumi na minne, na hilo jibu la "hakuna kitu" amelirithi kwangu, kwa hivyo sikuwa na mdomo wa kumkemea.

Nilimshika kiwiko kidogo tu. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya majaribio ya kuchagua timu ya tenisi ya vijana ya kaunti. Alikuwa amefanya mazoezi miaka mitatu kwa ajili ya siku hiyo moja. Na anayemfungia nyuzi za raketi ni mimi baba yake, hakuna mwingine.

Kazi hii sikuisomea. Mimi ni mtunza stoo katika klabu moja hapa Eldoret, na ndani ya stoo kuna mashine ya mkono ya kufungia nyuzi, kuukuu. Aliyekuwa akiitumia alipostaafu, nikaambiwa nijaribu. Nilikubali haraka kwa sababu nilijiona fundi tayari. Baba yangu alitoka magharibi kuja kujenga fensi za mashamba kule Ainabkoi, na nilikua nikimshikia koleo. Kwetu waya ulikuwa na sheria moja tu: kaza. Ukimaliza unaupiga kwa kidole na kusikiliza. Ukilia kwa sauti nyembamba, kazi imekwisha. Ukilia kwa sauti nzito, rudi ukaze tena, la sivyo ng'ombe wa jirani watashinda kwenye mahindi ya mwenye shamba.

Basi hivyo ndivyo nilivyofunga raketi za watu. Mteja asipojua anataka mkazo gani, nakaza mpaka uzi ulie kama fensi ya Ainabkoi. Wengi walifurahi. Mji wetu uko juu, hewa ni nyepesi, mpira ukiguswa kidogo unatoka nje ya mstari, na raketi iliyokazwa inausaidia kutulia ndani. Hilo ni kweli, na ukweli huo ndio ulionipumbaza. Nilidhani uzi ukikazwa unaongeza nguvu pia, kumbe ni kinyume. Uzi uliolegea kidogo ndio unaourusha mpira. Uliokazwa sana unauachia mkono kazi yote, na kila pigo linapanda hadi kwenye kiwiko.

Mwaka jana mipira ya binti yangu ilipoanza kutoka nje, nilitoa zile nyuzi laini za nailoni alizoanza nazo, nikaweka za polista, ngumu, zile wanazotumia wanaume wazima wenye mabega. Nikakaza paundi hamsini na tano, kwa kipimo cha ile mashine. Mpira ukaanza kutulia. Nikapanda hamsini na nane, halafu sitini. Nikajisifu kwa kila mtu kwamba hazikatiki, kwamba wenzake wanakata nyuzi kila mara na zake zina miezi saba. Sikujua kwamba polista haingoji kukatika ndipo ife. Inafia palepale kwenye fremu, inakuwa ubao, na mtoto anaendelea kupiga.

Kocha wake alinionya. Ni mama mmoja mkavu, hana maneno mengi. Siku moja alichukua raketi kutoka kwa mtoto, akaipiga kwa kiganja, akaja nayo mpaka dirisha la stoo.

"Mzee, hii umefunga ya nani?"

"Ya huyo msichana wangu."

"Hapana. Hii ni ya mtu wa misuli. Huyu bado ni mtoto. Mwekee zile laini, shukisha mpaka arobaini na nane hivi. Mpira ukitoka nje, hiyo ni kazi yangu, nitamfunza vile ataupinda urudi ndani. Si kazi ya nyuzi."

Nilimjibu kwa adabu kwamba waya naujua. Moyoni nilikuwa nimewaka: huyu anataka kunifundisha kazi ya baba yangu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu ni zima. Aliyeumia ni mtoto.

Kesho yake baada ya ile jioni ya ugali tulienda kwa daktari wa viungo. Akamwuliza maumivu yalianza lini. Binti yangu alinitazama kwanza, ndipo akasema, "Kabla ya likizo ya Aprili." Tulikuwa mwezi wa tisa. Daktari akaniambia kano za kiwiko zimeumia, asishike raketi kwa miezi mitatu, na kwamba akilazimisha, maumivu yanaweza kumkalia hata kushika kalamu iwe taabu. Sikuuliza kwa nini mtoto alinyamaza muda wote huo. Nilijua. Asubuhi barabara ya Cheptiret hujaa wakimbiaji, na mara ngapi nimemwonyesha: unawaona hao? Umewahi kusikia mmoja akilia mguu?

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilikata ile polista ya raketi yake, nikaweka nyuzi laini, arobaini na nane. Nikaona bado, nikafunga upya arobaini na tano, halafu arobaini na mbili, kama mtu anayepunguza chumvi wakati chakula kimeshaliwa. Nilimkanda kwa maji moto. Niliomba. Nilitaka kuwepo mkazo mmoja, namba moja tu kwenye ile mashine, ambao ungemruhusu kucheza siku hiyo na mkono ubaki mzima. Alipiga mipira mitano kwenye ukuta wa klabu, nami nimesimama karibu.

"Iko aje?"

"Iko poa, Baba." Midomo yake ilikuwa imepauka.

Aliniomba siku moja tu, kisha atapumzika hata mwaka. Nilipaswa kusema hapana. Nikasema tutaona, ambalo ni neno la mwoga.

Asubuhi ya majaribio nilimkuta amevaa tayari, bandeji imefungwa chini ya sweta. Mkoba wake wa raketi ulikuwa wazi mezani. Ile niliyoilegeza ilikuwa chini kabisa. Juu alikuwa ameweka ya akiba, ambayo mimi katika kuhangaika kwangu nilikuwa nimeisahau, bado ina polista yangu ya paundi sitini. Hiyo ndiyo aliyokuwa amechagua kuchezea. Nilimwelewa vizuri sana: hakutaka mpira hata mmoja utoke nje mbele ya wateuzi wa timu. Angefanya vile nilivyomfundisha.

"Baba, twende, tutachelewa."

Nilichukua koleo langu nikakata. Nyuzi za ile ya akiba zililia moja baada ya nyingine, nikaendelea hadi fremu ikabaki tupu. Nikaitoa na ile nyingine, nikaikata pia, kwa haraka hadi nikajichuna kidole. Kisha nikasimama pale nikingoja. Nilitaka anipigie kelele. Nilistahili, na ingenisaidia.

Alivuta kiti akakaa. Akakunja mkono wa sweta, akafungua bandeji taratibu mpaka mwisho, akalaza kiwiko chake kilichovimba mezani mbele yangu, katikati ya vipande vya nyuzi.

"Inauma, Baba," akasema. "Inauma hata nikiwa nimelala."

Nikavuta kiti changu karibu, nikamuuliza ni wapi hasa. Akanionyesha.