Msusi wa Kiume

Watu wa ukoo wake walimwita Vidole, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa msusi. Alikodi chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, chenye viti viwili na harufu ya mafuta ya nywele isiyotoka hata upige deki mara ngapi. Wanawake walisubiri hadi nje, maana mistari yake ilinyooka na mkono wake haukuumiza.

Baba yake mdogo, karani mstaafu aliyepaka nywele zake rangi nyeusi akidhani hakuna anayejua, aliona aibu. Akaitisha kikao cha ukoo.

"Mwanamume hashiki kichwa cha mwanamke," alitangaza, huku binti yake akimmiminia chai. "Tangu enzi za mababu, mwanamume ni mwanamume."

Dada yake mkubwa, shangazi yake Vidole, alikuwa pembeni akichambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Babu yetu alisukwa. Nywele hadi mabegani. Na aliyemsuka ni rafiki yake, mwanamume na ndevu zake. Nimemwona kwa macho yangu."

Karani akababaika. Sasa hivi tu mababu walikuwa kipimo cha kila kitu. Ghafla wakageuka washamba.

"Dada, zamani watu walikuwa gizani."

"Kumbe! Basi tufuate mababu gani? Hao wa gizani, au hao uliowatunga leo?"

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Kisha, ili mzee asiumbuke, wakamwondoa Vidole kwenye kamati ya harusi ya binti wa karani. Ndiyo akili ya vikao.

Vidole alirudi nyumbani amenywea. "Niache hii kazi?" alimuuliza mkewe.

"Uache tule nini? Heshima ya baba mdogo?"

Asubuhi ya harusi, bibi harusi alijileta mwenyewe nyuma ya duka la dawa. Vidole alitaka kumfukuza, akashindwa. Alimsuka na hasira zake zote, na kazi ikatoka safi. Ukumbini karani alizunguka meza hadi meza akitamba kwamba mwanawe amesukwa na "mtaalamu." Jina hakulitaja, na mtaalamu mwenyewe hakualikwa.

Siku hizi Vidole akikutana naye njiani humwamkia, maana ndivyo alivyolelewa. Lakini nyumbani kwake hakanyagi.