Taa Ndogo za Baba

Juzi, katika duka la vitu vya kale Mji wa Kale, niliona taa mbili za kioo za amplifaya. Papo hapo pua yangu ikasikia harufu ya vumbi linaloungua.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, baba, mpiga gitaa wa harusini, alichomoa taa kubwa za amplifaya yake akachomeka ndogo, za aina nyingine kabisa. Akapima umeme, akakaza skrubu, akapima tena, jasho likimtiririka. Mimi nimechuchumaa kando, sielewi kitu. Kitufe cha sauti si kile pale mbele?

"Baba, si ukipunguze tu hicho?"

"Nikikipunguza, mwanangu, gitaa halina utamu. Nataka lilie vilevile, ila kwa chini. Bi Zena amekaa eda."

Bi Zena, jirani yetu, alikuwa amefiwa na mumewe. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu, hata udi wake ulitufikia. Leo najua kwamba taa zile ndizo hukuza sauti ya gitaa. Siku ile nilidhani baba anapunguza mwanga ili marehemu apate usingizi.

Baba akapiga. Sauti ilitoka ndogo, tamu, kama iko chumba cha pili. Mara ukuta ukagongwa, ngo ngo ngo! Baba akazima, uso umemshuka. Mama akavaa buibui, akaenda kuomba radhi.

Alirudi akifuta macho.

"Bi Zena akusalimu. Asema hasikii vizuri."

 Baba akazichomoa taa ndogo zingali na moto, akaungua vidole wala hakulalamika, akazirudisha zile kubwa.