Kifurushi Kisichokuwa Kwenye Orodha

"Mama, rudi nyumbani ukanyonyeshe mutoto. Hii kazi iko ya watu wenye kichwa kimetulia."

Mwalimu wetu wa programu za mtandao aliniambia hivyo mbele ya majaji, mradi wangu umekwama kwenye skrini. Watu wakacheka. Nikakaza nguo ya mgongoni, mtoto amelala, nikamjibu: "Mwalimu, maziwa yangu hayajaingia mu kompyuta. Nitakuonyesha kilichoingia." Uvumilivu wangu uliishia pale. Bila cheti cha mafunzo haya narudi kijijini Kizuka kukamua mawese ya watu.

Kila tovuti ina orodha ya vifurushi, yaani programu ndogo za watu wengine ambazo inazitegemea. Unatoa amri moja, programu iitwayo meneja wa vifurushi anaisoma orodha na kuvileta vyote kutoka mtandaoni. Kwenye kituo chetu cha mafunzo, Rumonge, hatukutoa amri hiyo. "Mtamaliza mega za intaneti," mwalimu alisema, na fleshi yake ikazunguka meza kwa meza, kila mtu akinakili folda nzima ya vifurushi. Nilimshukuru, mjinga mimi. Mtu anayeficha hata chaki, ukarimu huo aliutoa wapi?

Siku ya mtihani wenzangu walikuja na kompyuta zao, folda imo ndani. Mimi sina mashine, nilifanyia kazi kwenye ya kituo. Majaji walichukua kazi yangu na orodha yake, wakatoa ile amri kwenye kompyuta yao. Tovuti ikagoma.

Nilipotoka niliazima mashine ya mwenzangu, mama aliyerudi kutoka Tanzania.

"Unatafuta nini, dada?"

"Mchawi."

Tukamwamuru meneja alinganishe folda na orodha. Akakitaja kimoja: kwenye folda kimo, kwenye orodha hakimo. Tukakitafuta mtandaoni, hakipo. Mwalimu alikiandika mwenyewe, na fomu ya kujaza majina aliyotulazimisha kuiweka kwenye tovuti zetu ilikitegemea hicho.

"Ee! Kumbe ametufunga kamba kama mbuzi," mwenzangu akasema. "Bila fleshi yake hakuna anayesimama. Labda alisahau?"

"Cha kwake tu ndicho alichosahau?"

Kesho yake nilipeleka barua:

"Kwa Direkta wa kituo. Nalalamika kwamba nimeangushwa kwa kosa lisilo langu. Naomba miradi yote ijaribiwe upya bila folda ya fleshi, mwalimu akiwepo na mimi nikiwepo. Naomba pia aeleze kwa maandishi kwa nini kifurushi chake hakukiweka kwenye orodha, na kinafanya nini na majina yanayoandikwa kwenye fomu zetu. Nakala yenye muhuri wa mapokezi nabaki nayo."