Michembe ya Safari ya Kisorya

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha umri wa kupangiwa safari na wajukuu.

Jana walikuwa wakipanga matembezi ya likizo: Musoma, Bunda, kisha kivuko cha Kisorya hadi Ukerewe. Mkwe wangu akafungua mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwa mama.

Nilikuwa bado mtoto, na baba mdogo alikuwa ametuazima pikapu yake kwa Jumamosi tu, tukamwone bibi kisiwani. Mama hakuwa amemwona mama yake tangu mimi nizaliwe. Alikuwa akifunga michembe ya kumpelekea.

"Jumamosi ni Sabato, siendi, shemeji," mama alimwambia.

"Unachaguaga siku kama gari ni lako! Mama yako je?"

"Ndiye aliyenifundisha Sabato. Nikifika siku hiyo atanifungia mlango, na wewe utabaki nje na pikapu yako."

Baba mdogo akawasha gari, akaondoka nalo.

Jumapili tulisimamisha lori, tukakaa juu ya magunia matupu ya pamba, mama akiimba njia nzima. Bibi alipotupokea hakuuliza kwa nini tumejaa vumbi. Aliuliza tu, "Jana mlisali wapi?"

Wajukuu wamepanga tuondoke Jumamosi. Nimewaambia, Jumapili.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde njiani, na akufikishe kwa wanaokungoja.