Mama Noëlla na Pushi wa Mukalay

Sokoni Manika, mtu akiona paka wake anajikuna sikio mpaka damu inatoka, anaambiwa aende kwa mama Noëlla Ngeleka, muuza unga wa mahindi. Mama Noëlla anapasha mafuta kidogo, anadondosha matone mawili ndani ya sikio, anakanda polepole mpaka ule uchafu mweusi ulainike, kisha anapangusa. Alifundishwa na mama yake, aliyetoka Kasai akiwa mke wa mfanyakazi wa mgodi.

Asubuhi moja ya mvua alikuja Mukalay, mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, paka akiwa ndani ya koti lake.

"Mama, munisaidie. Huyu pushi anainamisha kichwa tangu siku tatu. Baliniambia muko na mafuta."

"Mumuweke hapa, tata."

Mama Noëlla hakugusa chupa ya mafuta. Aliinama, akanusa sikio. Lilinuka kitu kilichooza.

"Hapana. Hapa mafuta haiwezi. Tumupeleke kwa dokta."

Mukalay alikasirika. "Mi nimetoka mbali juu ya mafuta yenu, na munaninyima?"

Mama Noëlla alimpapasa paka mgongoni. Neno alilotaka kusema hakuwa amelisema kwa mtu yeyote pale sokoni.

"Sikunyimi, tata. Mi nilikuwa na pushi wangu, Bijou. Sikio yake ilinuka hivi hivi, nikatia mafuta. Kumbe ndani ilikuwa imetoboka. Alizunguka-zunguka, akaanguka, akakufa. Ni mi nilimuua."

Mukalay akashusha macho. Mama Noëlla alimwachia jirani unga wake, akamfunga paka ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, wakapanda pikipiki wote wawili mpaka kwa dokta Ruffin, daktari wa wanyama.

Dokta aliangaza taa ndani ya sikio. "Ngozi ya ndani imetoboka. Mafuta ingemumaliza." Akampiga sindano, akatoa vidonge, akaagiza sikio lipanguswe kwa nje tu, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Lakini Mukalay alipojaribu, paka alimkwaruza mikono yote miwili. Basi kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kwenda kuchimba, alimpitisha sokoni. Mama Noëlla alimviringisha kwenye kitambaa, kichwa tu nje, akapangusa huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, kwa Kiluba. Kidonge alikificha ndani ya samaki mkavu.

Harufu iliisha. Kichwa kilibaki kimeinama kidogo, na dokta alisema huenda kitabaki hivyo. Siku ya mwisho Mukalay alipiga makofi nyuma ya paka, na masikio yote mawili yakageuka.

"Anasikia, mama!"

"Anasikia. Sasa mumuache alale."

Paka alikuwa amejilaza juu ya gunia la unga, akafumba macho. Mukalay alipaswa kuwa ameshafika shimoni. Alivuta kiti, akakaa, akamngoja aamke.