Mwanakheri na Hesabu za Miaka Mitano ya Makaa

Salumu, mumewe Mwanakheri, aliuawa na tanuri la makaa mwaka 1948, mwezi wa pili tangu kampuni ianze kazi. Alipanda juu ya tanuri kuziba ufa uliokuwa ukivuja moshi, udongo ukaporomoka chini ya miguu yake, akazama hadi kiunoni katika magogo yanayoungua. Zahoro, dereva wa lori, ndiye aliyemwahi. Alimkamata makwapani akamvuta, na ngozi ya mikono yake mwenyewe ikababuka hadi viwikoni. Salumu aliishi siku tatu juu ya majani ya mgomba, kwa sababu mkeka ulikuwa unamshika nyama. Ya nne wakamzika Kibuta.

Kampuni ilikuwa ya wenyeji. Wakulima wa Kibuta na vijiji vya jirani waliuza mbuzi, waliuza korosho, wakachanga hata zikatimia hisa mia mbili za shilingi hamsini hamsini. Fedha hizo zilinunua lori kuukuu la jeshi na kulipia kibali cha kukata miti, ili wapeleke makaa Dar es Salaam wenyewe bila kupitia kwa walanguzi. Katibu wao alikuwa Mwinyimadi, mtu mzima mwenye kanzu safi, aliyewahi kuwa karani katika shamba la mkonge. Kwa kifo cha Salumu hakukuwa na fidia. Mwinyimadi alimpa mjane hisa mbili, akamwambia zitamlisha.

Kila Januari wenye hisa walikusanyika kwenye banda la kampuni baada ya sala ya Ijumaa. Mwinyimadi alisoma karatasi ya mapato na matumizi, akagawa faida, kisha akaifungia karatasi katika sanduku la bati. Wengi walishika kiasi walichotia mfukoni tu, yaliyobaki yakasahauliwa kabla hawajafika nyumbani. Lakini Mwanakheri alikuwa binti wa Maalim Kitwana, aliyesomesha chuo cha Kurani, na baba yake alimfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alikaa nyuma na wanawake, daftari gotini, akaandika kila tarakimu iliyosomwa. Hakuwa na shaka na mtu. Alitaka tu kujua mali iliyomla mumewe ilikuwa inaendaje.

Mwaka wa kwanza hisa mbili zilimpa shilingi arobaini. Januari ya mwaka 1953 zilimpa kumi na tano. Mwinyimadi alisema ni hali ya biashara, na kwamba watazame mapato, ambayo hayajawahi kuwa makubwa kama hivyo. Watu walinung'unika wakatawanyika.

Mwanakheri alirudi nyumbani, akatandika kurasa zake tano juu ya mkeka, mwaka kwa mwaka. Ndipo alipoona kitu ambacho karatasi moja haikuweza kumwonyesha mtu. Ni kweli mapato yalipanda, kutoka shilingi elfu kumi na mbili hadi elfu kumi na saba na mia tano. Lakini magunia yaliyouzwa yalikuwa yamepungua kutoka elfu nne hadi elfu tatu na mia tano. Kilichopanda ni bei ya sokoni, kutoka shilingi tatu hadi tano. Kampuni ilikuwa inachoma kidogo zaidi, inauza ghali zaidi, na bado faida imeshuka kutoka elfu nne hadi elfu moja na mia tano.

Akaanza kufuata matumizi. Ujira wa wachomaji ulipanda polepole, na ushuru wa msitu vilevile. Gharama ya lori ilipanda kutoka elfu mbili hadi elfu nne na mia tano. Na magunia matupu, ambayo mwaka wa kwanza yaligharimu mia nane, mwaka wa tano yaligharimu elfu tatu na mia tatu. Hapo alisimamisha kidole chake. Makaa yamepungua, magunia yameongezeka gharama mara nne.

Hakutaka kumtia mtu ubaya kwa kukisia. Alimwomba Zahoro ampakie kwenye lori hadi Mbwawa, mahali matanuri yalipohamia baada ya miti ya vilima vya Kisarawe kwisha. Njiani alihesabu maili na kumuuliza bei ya petroli. Zahoro alimjibu yote bila kusita. Zamani safari ilikuwa maili ishirini, sasa ni zaidi ya arobaini, na matope ya Mbwawa yanakula matairi. Kwa Mwanakheri hesabu ya lori ikawa imejibiwa. Wakati wa kurudi walisimama Maili Moja, akaingia duka la magunia akauliza bei. Gunia tupu lilikuwa senti thelathini. Kwa makaa yote ya mwaka ule, shilingi elfu moja na hamsini zingetosha.

Siku mbili baadaye, alasiri, akitoka kisimani, mwanamume aliyejifunga shuka usoni alitoka kwenye muhogo akampiga rungu la mgongo. Mtungi ulivunjika, naye akaangukia vigae. Yule mtu alimpiga tena begani, akamkanyaga mkono wa kulia mpaka vidole viwili vikalia, akamwambia aache kuchungulia hesabu za watu. Kisha akaingia nyumbani kwake, akapekua, akatoka mikono mitupu. Daftari lilikuwa kwa kaka yake, Mbaraka.

Mbaraka alipomwona dada yake amefungwa mkono kwa magome ya mti, alimkalisha kivulini. Halafu akauliza nani alijua kwamba amekwenda Maili Moja. Mwanakheri alijibu kwamba ni Zahoro, lakini si yeye. Mikono ya yule mtu ilikuwa laini, na ya Zahoro ina makovu ya moto wa Salumu. Mbaraka akasema mtu anaweza kutuma mwingine. Tangu siku hiyo akawa anatembea na panga, na ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kutaka mkutano uitishwe na dada yake asome.

Ijumaa iliyofuata banda lilijaa hadi watu wakasimama uani. Wazee kadhaa walisema si desturi mwanamke kuwasomea wanaume hesabu, Mbaraka akawaambia kama wapo waliokuwa wameziandika, wasome wao. Mwinyimadi alikaa kwenye kiti chake, miguu ameikunja, sanduku la bati pembeni. Zahoro alikuwa nje, ameegemea lori, anafuta mikono kwa tambara.

Mwanakheri alisoma akiwa amesimama, daftari mkono wa kushoto. Alianza na mapato, akaeleza kuhusu bei na magunia yaliyopungua, nao wakamwelewa. Aliona vichwa vikiinama na kuinuka. Akaingia kwenye matumizi. Na kwa sababu alizoea kuanza na kubwa kwenda ndogo, alianza na lori.

"Gharama ya lori imepanda zaidi ya mara mbili," alisema.

Alivuta pumzi aeleze habari ya maili. Hakuipata nafasi hiyo. Mtu mmoja karibu na mlango alisema jina la Zahoro, mwingine akalirudia kwa nguvu zaidi, na wote waliokuwa uani wakageuka kwa pamoja. Mwanakheri alipaza sauti kwamba hajamaliza, kwamba njia imerefuka, lakini alikuwa anaisemea migongo yao.

Walimpiga kwa kuni zilizopangwa ukutani. Zahoro alijaribu kupanda lori, wakamvuta mguu, kidevu chake kikagonga ubao wa kukanyagia, meno yakamwagika. Alijikunja mikono juu ya kichwa, ile mikono yenye makovu, nao wakaipiga mpaka ikashindwa kufunika kitu. Walikuwa watu waliokula naye kwenye sinia moja. Mbaraka alipita katikati yao, akainua panga, akamkata chini ya bega. Alikata mara ya pili, paja. Damu ilimrukia hadi kifuani, na hapo ndipo waliokuwa mbele waliporudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wameduwaa na kuni mikononi.

Mwanakheri alifika akapiga magoti, akakandamiza khanga juu ya jeraha la paja. Alisema apelekwe hospitali upesi kwa lori. Watu wakatazamana. Katika Kibuta nzima hakukuwa na mwingine aliyejua kuliendesha.

Walileta kitanda cha kamba, wanaume sita wakamwinua. Kabla wabebaji hawajatoka uani, Mwanakheri aliwasimamisha waliobaki. Nguo yake ilikuwa imelowa damu kuanzia magoti hadi chini. Hakupaza sauti.

"Sikuwa nimemaliza," alisema. "Sasa mtasikiliza."

Akawasomea. Lori linakwenda maili arobaini badala ya ishirini, na bei ya petroli imepanda. Hakuna senti iliyopotea humo. Halafu magunia matupu, mwaka kwa mwaka, mia nane, mia tisa, elfu moja na mia sita, elfu mbili na mia tano, elfu tatu na mia tatu. Akawatajia bei ya duka la Maili Moja. Anayenunua magunia, alisema, ni katibu peke yake.

Mwinyimadi alikuwa ameshaondoka kwenye kiti, sanduku kwapani, lakini mlango wa banda ulikuwa mmoja. Wale waliokuwa wamempiga mtu asiye na kosa sasa walimtaka mwenye kosa, na kuni bado zilikuwa mikononi. Mwanakheri alijitupa mlangoni, akaibana miimo miwili kwa mikono yake, ule mzima na ule mbovu. Kuni ya kwanza iliyorushwa haikumpata Mwinyimadi, ilimvunja yeye mfupa wa bega. Hakutoka. Nyuma yake alimsikia katibu akilia na kumwomba radhi, naye alitamani kusogea pembeni. Alikiri hivyo baadaye mbele ya hakimu: alitamani sana. Aliendelea kusimama hadi jumbe alipofika na askari wake.

Zahoro alikata roho njiani, kitanda kikiwa bado mabegani mwa watu. Waliombeba walisema neno lake la mwisho lilikuwa la kumtaka mtu akafunge breki ya lori, ameliacha kwenye mteremko.

Kesi ilisikilizwa wiki nyingi. Ilijulikana kwamba Mwinyimadi, aliyepashwa habari na mwenye duka la magunia, alimlipa mtu wa mbali ampige Mwanakheri kisimani; kwa hilo na kwa fedha za magunia katibu akafungwa miaka minne. Daftari lilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, likatafsiriwa, likagongwa muhuri. Kisha ikaja kesi ya Mbaraka, ya kumuua Zahoro. Bi Tatu, mama yao Mbaraka na Mwanakheri, alimwendea binti yake akamshika miguu, akamwomba aseme kwamba watu walikuwa wengi na hakuona panga la nani. Wengi walikuwa wameshasema hivyo. Mwanakheri alilia pamoja na mama yake mpaka asubuhi ya kesi, akaenda, akasema alichokiona. Mbaraka alihukumiwa miaka mitano kwa kuwa jaji alikubali kwamba hakupanga kuua.

Bi Tatu hakumsamehe. Aliacha kupokea shikamoo yake. Watu wa ukoo walirusha mawe juu ya paa lake, na siku moja alikuta kuku wake wote wamekatwa vichwa na kupangwa mlangoni. Mwanakheri aliuza hisa zake, akahamia Maili Moja, akapanga chumba nyuma ya duka, akawa anapika mikate ya kumimina na kuiuza kandokando ya barabara. Zena, mjane wa Zahoro, alipita hapo mara moja. Alinunua mikate miwili, akalipa, akasema hamchukii, lakini hawezi kukaa naye. Mwanakheri alimwambia anaelewa.

Hakuacha kusoma hesabu. Wenye maduka na wakata mbao walipotaka kutia fedha zao mahali, walimletea karatasi. Alikataa karatasi ya mwaka mmoja. Aliwarudisha wakalete za miaka iliyopita, na jibu aliwapa faraghani, mtu mmoja mmoja, ameketi.

Mbaraka alitoka kifungoni mwaka 1958. Alifika Maili Moja mchana, amekonda, kichwa kimenyolewa, akakaa kwenye kizingiti bila kuingia ndani. Mwanakheri alimpa uji, akanywa. Walizungumza kuhusu mvua, na kuhusu mama yao ambaye macho yameanza kumsumbua. Mwanakheri aliona kwamba hakuja kugombana.

"Dada," Mbaraka alisema mwishowe, "katika hesabu zile zote, Zahoro hakuchukua hata kidogo? Hata petroli ya chupa moja?"

Mwanakheri alijua jibu ambalo kaka yake alilitamani. Alikuwa amebeba kosa lake gerezani miaka yote, akitafuta mahali pa kuliweka.

"Hakuchukua kitu, kaka," alimjibu.

Mbaraka alitikisa kichwa polepole, akaweka bakuli chini. Alikaa tena kidogo, halafu akaaga, akashika barabara ya Mlandizi alikopata kibarua cha kulima. Mwaka ule walionana siku ya Idi, na mwaka uliofuata pia.