Arobaini ya Mwalimu Mahmuda

Siku ya arobaini ya mkewe, Toyob Ali aliamka na hasira, akashinda nayo.

Mahmuda alifundisha Kiingereza shule ya kijijini, huko Sylhet, miaka thelathini na mmoja. Toyob ni fundi wa riksho, zile baiskeli za kubeba abiria; hakusoma hata darasa moja. Lakini walioishi pamoja huambukizana. Alijua kwamba wenzake Mahmuda waliwaimbisha watoto maneno matatu matatu kutoka kitabu cha majibu: la sifa, la jina la sifa hiyo, la namna ya kutenda. Wanaimba, wanafaulu, wanasahau. Mahmuda alikataa. Kwake mtoto haandiki neno la wema mpaka amtaje mtu mwema, wema aliomtendea, na alivyoutenda. Wazazi wakalalamika kwamba darasa lake liko kimya. Mwalimu mkuu Motalib akamnyang'anya darasa la mtihani. Jambo hilo alikwenda nalo kaburini.

Sasa Motalib huyo huyo amesimama uani, masufuria ya nyama yanafuka, wanafunzi wamepangwa mstari.

"Kwa heshima ya marehemu!" akatangaza.

"Angry, anger, angrily! Happy, happiness, happily!" wanafunzi wakaimba.

"Nyamazeni!" Toyob akanguruma.

"Mzee, keti. Haya ni mambo ya waliosoma."

"Sikusoma, lakini nimekula sahani moja na aliyesoma. Ulimpokonya darasa kwa sababu hakutaka ukasuku huu. Leo unamwimbia huo huo?"

"Mwacheni, ana uchungu," jirani mmoja akasema.

"Uchungu ninao. Hii ni hasira!"

Akamgeukia msichana wa mbele, Shiuli. "Mwanangu, hayo mliyoanza nayo maana yake nini?"

"Sijui, babu. Ni namba saba kitabuni."

Watu wakacheka. Toyob hakucheka.

"Nitazame. Mimi nilivyo sasa, hilo la kwanza. Hiki kilichonikaba koo, la pili. Nilivyomfokea mwalimu wako?"

Shiuli akafikiri. "La tatu," akasema polepole. "Angrily."

"Twendeni!" Motalib akaamuru. Wengine wakamfuata. Shiuli na wenzake sita wakabaki.

"Na lile la furaha, babu?"

Toyob akafunua sufuria moja la nyama.

"Hilo leo sina la kukuonyesha," akasema. "Kaeni mle."